Nyuzi Zisizo na Kosa

Wapendwa, kaeni vizuri, na ninyi mlioko nyuma sogeeni mbele, nafasi zipo. Leo sitawachosha. Nina mfano mmoja tu, nao si wa kuchekesha. Mkiona mahali pa kucheka, chekeni, lakini msije mkasema sikuwaonya.

Kulikuwa na mpiga fidla mmoja. Usharika wake uko milimani, kwenye baridi na migomba, na ukiutafuta hutaupata kwa sababu nimeutunga mwenyewe. Alikuwa mkulima kama baba zetu, mwenye kahawa kidogo, ng'ombe wawili, na mke mmoja aliyezeeka naye. Lakini Jumapili hakuwa mkulima. Jumapili alisimama mbele ya kanisa na fidla yake chini ya kidevu, na watu walimngoja yeye ndipo waanze kuimba. Fidla yenyewe aliirithi kwa mjomba wake, ambaye enzi zake alikuwa akipiga taarabu kule Tanga. Mjomba alipookoka aliacha taarabu, akaacha na mengine nisiyoweza kuyataja hapa mimbarini, ila fidla hakuiacha. Alisema chombo hakikutenda dhambi, mkono ndio uliotenda. Akarudi nayo milimani akamfundisha mpwa wake.

Sasa usharika ule ulikuwa na desturi yake. Siku ya maziko, jeneza likishateremshwa, kabla ya udongo wa kwanza, watu wote wananyamaza. Kwaya inanyamaza, tarumbeta zinashushwa, hata wanaolia wanajizuia. Ndipo mpiga fidla anasogea ukingoni mwa kaburi, peke yake, anapiga ubeti mmoja wa wimbo ambao marehemu aliupenda. Ubeti mmoja tu, halafu udongo unaanza. Miaka ishirini na sita aliwasindikiza watu namna hiyo. Wengine walikuwa wakimwekea oda wangali wazima, wanamkuta njiani na majembe begani wanamwambia, "Mzee, mimi siku yangu ikifika usisahau wimbo wangu." Naye anawajibu, "Sisahau, ila usiharakishe." Kahawa ilikuwa ya kumlisha. Fidla ndiyo iliyokuwa kazi yake, na aliamini kwamba Mungu alimleta duniani kwa ajili ya hii.

Ukafika mwaka ambao sauti ya fidla ilianza kufifia. Akipiga nyumbani jioni anaona haitoki sawasawa, kama mtu anayezungumza ndani ya blanketi. Uzi mwembamba kabisa, ule unaolia juu, ndio uliotangulia kupotea. Akafuta vumbi. Akapaka ulimbo kwenye upinde. Akasogeza kile kibao kidogo kinachobeba nyuzi, huku kidogo, kule kidogo. Wapi. Mwisho akasema, nyuzi zimechoka.

Wala hakusema upuuzi. Nyuzi huchoka kweli. Uzi wa fidla haufi siku unapokatika. Huanza kufa zamani, ungali umekazwa na unang'aa, na mpigaji anayejua kazi yake huubadili mapema. Basi akapanda gari akaenda mjini, kwenye duka la vyombo vya muziki. Muuzaji alikuwa mtu anayeijua biashara yake. Akampangia pakiti tatu juu ya meza.

"Shikamoo mzee. Hizi za kwanza sauti yake ni nene, ya upole, zinakubaliana na fidla ya zamani kama yako. Hizi za katikati zina uwazi zaidi. Hizi za mwisho ni chuma kitupu. Zinalia, zinasikika hata penye ngoma, ila zina ukali. Kwa kanisani sikushauri."

Mzee akachukua za upole, kama alivyochukua miaka yote. Akarudi nyumbani akazifunga, anatoa mmoja anafunga mmoja, asitoe zote kwa pamoja, kama mjomba alivyomfundisha. Akapiga. Blanketi lilikuwa palepale.

Baada ya miezi mitatu akarudi mjini akachukua za katikati. Hakuona tofauti. Mwaka haujaisha, akarudi mara ya tatu akazitaka zile za chuma. Muuzaji akafunga uzi mmoja pale pale dukani, akapitisha upinde. Mteja mwingine aliyekuwa akiangalia magitaa aligeuka, akaziba sikio kwa kidole. Mzee wetu alikuwa ameinamisha kichwa, ametega sikio la kulia.

"Mbona hauna uhai?" akauliza.

Muuzaji akamtazama. Aliona jinsi mzee anavyogeuza kichwa, aliona jinsi anavyomwangalia mdomoni badala ya machoni. Alikuwa ameshaelewa. "Mzee, huu uzi..." akaanza, akasita. Kisha akasema, "Labda utachangamka ukishazoea." Akamfungia kwenye mfuko.

Mnamlaumu muuzaji? Naona kina mama mnatikisa vichwa. Ngojeni. Msiimalizie lawama yote dukani, mbele mtaihitaji.

Mmeshajua, sivyo? Nyuzi hazikuwa na kosa. Sikio ndilo lililokuwa likifa. Sikio lake la kushoto lilikuwa likitoa maji kidogo tangu utoto, yanakuja yanaondoka, wala halimuumi. Alilipangusa kwa leso akaendelea na maisha. Ugonjwa usiouma, ni nani kati yetu anaupeleka hospitali? Ukaingia ndani ukatafuna polepole, na sikio la kulia likaanza kufuata. Na mtu hasikii kwamba hasikii. Anaona tu kwamba dunia imepunguza sauti, anaanza kutafuta ni nani aliyeipunguza.

Lakini wengine walikuwa wanasikia. Hebu fikirini, nyuzi za chuma, zimekazwa na mtu asiyepata sauti zake vizuri, halafu anakandamiza upinde kwa nguvu ili angalau yeye mwenyewe apate kitu. Jumapili ya kwanza watu walitazamana. Jumapili ya pili wanakwaya waliamua kuimba kwa nguvu ili kuifunika. Yeye pale mbele aliona nini? Aliona vinywa vimefunguka, mishipa ya shingo imesimama, watu wa besi wanatokwa jasho. Moyo wake ukafurahi. Njiani akamwambia mkewe, "Mama, usharika umeamka. Miaka yote hii sijaona watu wakiimba vile."

Mkewe akatazama chini, akasema, "Ndiyo, mzee."

Kina mama wa sauti ya pili, waliokuwa wakikaa kushoto kwake, walisogeza benchi lao, maana lile sikio sasa lilikuwa na harufu. Yeye akaona wamemwachia nafasi ya kunyoosha mkono wa fidla. Akawashukuru. Ndugu zangu, aliwashukuru.

Kamati ya kwaya ikakaa. Mzee hakuitwa, aliambiwa ni kikao cha mambo ya sare. Mwenyekiti alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu mpole, aliyesoma, anayeheshimika. Wakafungua kwa sala, halafu kila mtu akawa anaangalia viatu vyake.

"Amwambie mkewe," mmoja akasema.

"Mkewe ataanzia wapi? Wewe ungemwambia mumeo?"

"Basi Mwalimu amwambie."

Mwalimu akavua miwani akaipangusa. "Mzee huyu ndiye aliyepiga siku ya ndoa yangu," akasema. "Nitamtazamaje usoni? Ni mtu mzima. Tumstahi."

Wakakubaliana kumstahi. Kinanda kiongezwe sauti, yeye apunguziwe nyimbo kidogo kidogo asijue, na lililobaki liwekwe kwenye maombi. Je, kuna aliyesema mzee apelekwe akaonwe na daktari? Hakuna. Walikuwa na ubaya naye? Hapana. Walimpenda, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu wangekuwa adui zake wangemwambia siku ile ile.

Na kwenye maziko je? Kwenye maziko hakuna kinanda cha kumfunika. Pale watu walivumilia. Mwanamke amefiwa na mume, amesimama juu ya kaburi, anapigiwa kitu kama mlango wenye bawaba zilizoota kutu, na ubeti ukiisha anampa mpigaji mkono wa asante. Miaka miwili watu walizikwa hivyo. Mwalimu wa kwaya alikuwepo kwenye maziko yale yote. Alivumilia vizuri sana.

Kisha akafa mama yake Mwalimu.

Bibi yule alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wamemwekea mzee oda ya wimbo, tena siku nyingi. Mzee hakutaka kumwangusha. Siku moja kabla ya maziko alifunga nyuzi mpya, za chuma, akazikaza mpaka vidole vikamuuma. Akapiga pasi koti. Kaburini, watu waliponyamaza, akasogea ukingoni, akafumba macho, akaanza.

Katikati ya ubeti akahisi upinde umeshikwa. Alidhani umenasa kwenye koti la mtu. Akafumbua macho. Mwalimu wa kwaya alikuwa mbele yake, uso umelowa, ameukamata upinde kwa mkono wote. Mdomo wake ulikuwa unakwenda. Watu wote walisikia alichosema. "Acha. Nakuomba, mzee, acha. Usimfanyie mama yangu hivi."

Mzee hakusikia hata neno. Aliona mdomo tu. Akauliza, kwa sauti kubwa mno, kama wanavyosema wasiosikia sauti zao wenyewe, "Nimekosea wimbo?"

Akageuza macho, akapita uso kwa uso, wanakwaya, wazee wa kanisa, majirani, akitafuta mtu wa kumsaidia kuelewa. Na hapo ndipo alipoelewa. Hakuna aliyeshangaa. Angekuwa amekosea siku hiyo tu, watu wangeshangaa. Hawa walikuwa wanatazama chini wote, kama watoto waliokwisha kujua siku ile itakuja. Akaona kwamba kati ya watu wote waliosimama pale, asiyejua alikuwa yeye peke yake. Akauachia upinde ubaki mkononi mwa Mwalimu. Akarudi nyuma ya watu.

Nawauliza, ninyi mnaosikia. Miaka miwili Mwalimu alitafuta neno la kumwambia mzee asilipate. Ilipofika zamu ya mama yake, neno lilipatikana, tena mbele ya umati, tena juu ya kaburi. Kumbe neno lilikuwepo. Ni heshima gani hiyo inayovumilia kwenye makaburi ya wenzetu, halafu inakwisha tukifika kwenye kaburi la kwetu?

Wiki iliyofuata mkewe akampeleka hospitali ya mkoa. Daktari akamulika, akapima, akauliza kwa kupaza sauti, "Lilianza lini hili?"

Mzee akasoma midomo, akajibu, "Fidla ilianza mwaka juzi."

Daktari akamgeukia mama. "Mngemleta mwaka huo tungelisafisha, pengine tungelizuia. Sasa ugonjwa umefika sikio la ndani. La kushoto limekwisha. La kulia tutalichelewesha tu."

"Anasemaje?" mzee akauliza.

Mama yule akaomba kalamu. Akamwandikia yote kwenye kipande cha karatasi, hakuacha kitu. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mzee kuambiwa ukweli juu ya sikio lake, na aliambiwa ukiwa haufai kitu tena.

Waliporudi nyumbani alivuta droo akatoa nyuzi zote alizowahi kuzitoa kwenye ile fidla. Za upole, za katikati, za chuma. Akazinyoosha mezani, akawa anapitisha kila uzi kati ya vidole viwili, anatafuta palipochakaa, palipolegea, palipokatika hata kidogo. Alitafuta sana. Nadhani angefurahi kuupata mmoja. Zote zilikuwa nzima.

Akamwuliza mkewe, "Nani mwingine alijua?"

Mama akaandika: Kwaya.

"Na wazee wa kanisa?"

Mama akakubali kwa kichwa.

"Na mchungaji?"

Mama hakuandika, wala hakutikisa kichwa. Aliweka kalamu chini.

Msinitazame hivyo. Nimesema ni mfano.

Mzee hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Aliuliza swali moja la mwisho. Akasema, "Mama, wewe unalala kushoto kwangu. Miaka hii miwili umeniambia nini nisichokisikia?"

Mkewe akalia. Kalamu ilikuwa pale pale mezani, hakuishika.

Haya. Sasa sisi.

Mhubiri mwingine angeuchukua mfano huu akawaambia: tazameni, mtu anabadili nyuzi kumbe mbovu ni sikio, basi kila mmoja ajichunguze. Ni mahubiri mazuri, siku moja mtu atawahubiria, mwitikieni amina. Mimi leo sina ugomvi na yule mzee. Alitafuta kosa mahali alipoweza kuliona, na alitafuta kwa bidii. Ugomvi wangu ni na wenye masikio mazima. Ugomvi wangu ni na sisi.

Maana sisi tunajua kuimba kwa nguvu. Dada anaingia hapa amejifunga kitenge mpaka shingoni wakati wa joto, tunajua kitenge kinaficha nini, tunampa mkono wa amani, tunaimba. Mzee wa baraza ananuka gongo asubuhi ya Jumapili, tunasogeza benchi. Mwenzetu anapungua mwili mwezi baada ya mwezi, nguo zinamning'inia, tunamwambia, "Umependeza, siku hizi umekuwa mwepesi." Halafu tunakaa kikao ambacho yeye hakualikwa. Tunafungua kwa sala.

Na tumeupa woga wetu majina mazuri sana. Tunauita heshima. Tunauita busara. Tunauita kutoingilia nyumba ya mtu. Tukibanwa kabisa tunauita kumwachia Mungu, kana kwamba Mungu ndiye aliyekaa kwenye benchi la sauti ya pili akasikia ile harufu. Aliyesikia ni wewe. Wewe ndiye uliyewekwa karibu.

Mnataka kujua kama mnalotenda ni heshima au ni woga? Jiulize kitu kimoja. Jambo hilo lingekuwa linamgusa mama yako mzazi, ungeendelea kunyamaza? Kama ungesema, basi hukunyamaza kwa heshima. Ulinyamaza kwa sababu maumivu yalikuwa ya mtu mwingine. Hilo limenichoma mimi kabla halijawafikia ninyi, wala sijalipatia dawa. Kuna nyumba moja katika usharika huu huu ambayo nimepita mlangoni pake mara nyingi mwaka huu, nikasalimia, nikaulizia mavuno, nikaenda zangu.

Najua kuna jina limekujia kichwani tangu nikiwa katikati ya maneno haya. Usinitazame mimi, na usimgeukie yeye sasa hivi. Ukitoka hapa mtafute, leo, kabla hujala chakula cha mchana. Usimtume mkewe. Usimtume Mwalimu. Usiniletee mimi nimweke kwenye maombi, nitamwombea, lakini sitamwambia kwa niaba yako. Keti naye, taja jambo kwa jina lake. Atakasirika. Huenda asikusalimie mpaka Krismasi, na watu watasema huna adabu. Mwache akasirike. Mwambie angali anasikia.